Koilegen, mgeni aliyekuwa mkuu wa Wakipsigis

Chai tunywayo hapa pwani, iwe ya maziwa au ya rangi yenye iliki, nyingi yake hutoka milima ya Kericho na Bomet. Mnada wake ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo majani ya kule yameuzwa mlangoni petu. Lakini habari za watu wa nchi ile ni wachache kwetu wazijuao. Wazee wetu waliokwenda bara na misafara waliwaita Walumbwa, jina walilolipata kwa Wamasai. Wenyewe hujiita Wakipsigis. Na katika watu waliotajika sana kwao kabla ya mkonge wa kwanza wa chai kupandwa, alikuwapo mmoja ambaye hakuzaliwa kwao.

Huyo ni Kipchomber arap Koilegen. Yeye alikuwa Mnandi wa ukoo wa Talai, mwana wa Kimnyole arap Turukat. Msomaji asishangae kuona baba na wana wana majina mbalimbali baada ya neno arap. Maana yake ni mwana wa, lakini hesabu yao ya majina si kama yetu ya bin.

Kimnyole alikuwa orkoiyot wa Wanandi. Cheo hiki ni kigumu kukifasiri. Wazungu walikiita laibon, neno la Kimasai, na walipokasirika wakasema mchawi. Orkoiyot aliombwa idhini kabla ya vijana kwenda vitani, alishauriwa juu ya mvua na maradhi ya mifugo, naye alikuwa na wajumbe wake waliopeleka neno lake kila pembe ya nchi. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu twajua kuwa ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na juu ya hilo sina la kuongeza. Lakini mtu akiishia kwenye uaguzi tu, hataelewa kwa nini serikali nzima yenye bunduki ilimwogopa mzee mmoja. Iliogopa kwa sababu neno lake lilikusanya watu.

Kimnyole anasimuliwa kuwa aliagua juu ya nyoka wa chuma atemaye moshi, atakayetoka bahari ya mashariki, yaani bahari yetu hii, aende hadi ziwani. Reli ilifika ziwa Nyanza mwaka 1901. Yeye mwenyewe hakuiona. Mwaka 1890 Wanandi walimtwika lawama za maafa yaliyowapata, wakamuua kwa marungu.

Ndipo ukazuka mgogoro wa urithi. Wana wawili wa marehemu walisimama, Kipchomber aliye mkubwa na Koitalel arap Samoei, kila mmoja na watu wake. Mvutano huo uliendelea hadi mwaka 1895. Kipchomber akashindwa, akakimbilia kusini kwa Wakipsigis pamoja na kikundi kidogo cha wafuasi. Huko alipokelewa, na hakupokelewa kwa hifadhi tu. Wakipsigis, ambao lugha yao na Kinandi ni kama mtu na nduguye, walimfanya orkoiyot wao wa kwanza. Aliyekosa kiti cha baba yake akapata kiti kingine ugenini. Mambo kama haya hatuyaoni mageni sisi tuliosoma habari za Mazrui na Busaidi.

Nduguye aliyeshinda alipigana na Waingereza karibu miaka kumi juu ya reli na ardhi. Tarehe 19 Oktoba 1905 aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na afisa aitwaye Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Mwaka huohuo jeshi lilipelekwa Sotik, upande wa Wakipsigis, watu wakauawa na ng'ombe wakatekwa. Kipchomber alibaki hai katikati ya misiba hiyo, juu ya nchi iliyokuwa imekwisha kuwekwa bwana shauri, boma na kodi. Macho ya serikali yalikuwa juu yake. Kila wizi wa ng'ombe na kila ukaidi wa vijana ulihesabiwa kuwa umeamriwa na Watalai.

Mwaka 1914 serikali ikamkamata yeye na wakubwa wenziwe wa ukoo, ikawahamisha kwenda nchi ya Wakikuyu. Koilegen alipelekwa Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo. Hapa nataka kumkumbusha msomaji jambo la kwetu. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama, alikamatwa mwaka 1913 akapelekwa Kisii, mwendo mfupi tu kutoka Sotik, na mwanzoni mwa mwaka 1914 akatoroka na kurudi pwani. Basi mkoloni alikuwa akimtoa mtu wa bahari na kumtupa karibu na milima ya Koilegen, kisha akimtoa Koilegen na kumtupa kwingine. Mekatilili aliwahi kurudi akafa kwao. Koilegen hakurudi. Alifia uhamishoni mwaka 1916.

Kufa kwake hakukumaliza habari, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye uchungu. Vita Kuu ilipokwisha, ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa maafisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani, wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, nao wakashindwa. Katika miaka ya 1920 wakaja Brooke Bond na James Finlay, wakapanda chai, na kilima baada ya kilima kikageuka kijani kimoja. Vibarua wakaletwa, Wajaluo, Wakisii na Waluhya, Wahindi wakafungua maduka, na mji wa Kericho ukajaa watu wa kila kabila na kila dini.

Katika mchanganyiko huo Watalai peke yao ndio waliokosa pa kukaa. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria mahsusi ya kuwaondoa. Watu wapatao 700, wanaume, wanawake na watoto, walihamishiwa Gwassi, kando ya ziwa, penye mbung'o na mbu. Wengi waliokwenda hawakuwahi kuagua chochote. Kosa lao lilikuwa kuzaliwa katika ukoo wa Koilegen. Walikaa huko hadi mwaka 1962. Waliporudi, ardhi ya baba zao ilikuwa mashamba ya makampuni, na wengine wao wakaishia kubanana ndani ya mji wa Kericho, mtaani wasipo hata na pa kulisha mbuzi.

Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya iliamua kuwa Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaitaka Uingereza ijibu. Mwaka 2022 kesi ikapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katika waliodai walikuwamo wazee waliopelekwa Gwassi wakiwa watoto.