Hiram Percy Maxim: Mwana wa Bombom Aliyependa Kimya

Jina la Maxim si geni Afrika Mashariki. Ile bunduki ya kumimina risasi, ambayo wazee waliiita bombom kwa mlio wake, iliundwa mwaka 1884 na Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyelowea London. Stanley aliichukua katika msafara wake wa 1887, uliopitia Unguja kutafuta wapagazi. Wajerumani nao waliwafyekea kwayo watu wa Maji Maji. Lakini leo, msomaji, hatumzungumzi baba. Tunamzungumza mwanawe, ambaye wakusanyaji wa silaha wanamjua kwa kazi iliyo kinyume kabisa cha ile ya baba.

Hiram Percy Maxim alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 2 Septemba 1869. Baba alikuwa bingwa wa kubuni na bingwa wa vituko, na mtoto alimpenda. Mwaka 1881 baba akavuka bahari kwenda Ulaya, akamwacha mke na watoto watatu, na huko akaanza maisha mapya na mwanamke mwingine. Hakurudi kulea. Percy akabaki na mama, akakaza masomo, na mwaka 1886 akahitimu katika chuo cha ufundi cha Massachusetts kabla hajatimiza miaka 17. Baadaye akahamia Hartford kuunda motokaa.

Sasa tazama ajabu ya mambo. Baba alizibwa masikio na bunduki zake mwenyewe, uzeeni akawa kiziwi. Mwana akatoka mtu wa kuchukia makelele. Alipenda kulenga shabaha, ila hakupenda kuwaudhi majirani. Husimuliwa kuwa fikira ilimjia bafuni, alipotazama maji yanavyojizungusha kabla ya kushuka tunduni. Mlio wa bunduki ni hewa ya moto ya baruti inayochomoka ghafla nyuma ya risasi. Je, hewa hiyo ikizungushwa kwanza ndani ya vyumba vidogo, ikapoa, si itatoka taratibu? Akaunda kiwambo cha kuzuia sauti, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1909, na kampuni yake ya Hartford ikakiuza waziwazi kwa wawindaji na walenga shabaha.

Kile cha 1910 mkusanyaji hukitambua kwa kukitupia jicho tu. Tundu la risasi halikupita katikati. Limesogezwa juu, hivyo mwili wa kiwambo unaning'inia chini ya mtutu na jicho la mlengaji halizibwi. Bastola za gurudumu hazikufaa, kwani hewa huvuja baina ya gurudumu na mtutu. Na risasi inayoishinda sauti kwa mbio hupasua anga kwa kishindo chake yenyewe, hata ukiziba vipi.

Bastola za kimya zinazotafutwa sana na wakusanyaji zilikuja baada yake, katika Vita Vikuu vya Pili. Waingereza waliunda Welrod kwa ajili ya majasusi wao. Kasha lake la risasi ndilo mpini. Likichomolewa, kinachobaki ni kama kipande cha bomba. Kila risasi hupakiwa kwa mkono, chuma kisilie. Jina la mtengenezaji halikuandikwa kusudi, na ndipo kazi ya kuitambua inapokuwa ngumu: mtu hutegemea namba, alama ndogondogo na umbo. Wamarekani walikuwa na High Standard HDM, ambayo mtutu wake umetobolewa matundu ili hewa ivujie ndani ya kiwambo mapema. Rubani Gary Powers alikamatwa na moja Urusi mwaka 1960, ndege yake ya upelelezi ilipodunguliwa, na Warusi wakaiweka maonyeshoni Moscow.

Je, lawama ni ya Percy? Mimi simtwiki. Alikiuza kitu chake mchana kweupe, kikiwa na jina lake. Hata hivyo serikali yake ilikiogopa, na mwaka 1934 ikakitoza kodi ya dola 200, kupita mbali bei ya chombo chenyewe. Kufikia hapo kampuni ilikwisha kugeukia kunyamazisha mainjini.

Yeye alikuwa na mapenzi mengine: simu ya upepo. Mwaka 1914 ujumbe wake kutoka Hartford ulishindwa kufika Springfield, akaupitisha kwa mwenziwe aliyekuwa njiani. Hapo akapata wazo la kuwaunganisha wapenzi wa redio wapokezane salamu nchi nzima. Chama alichokianzisha mwaka huo kingali hai, na kituo chake hurusha mawimbi kwa jina la W1AW, kumbukumbu ya herufi za mwanzilishi.

Aliugua safarini ndani ya gari moshi, akashushwa La Junta, Colorado, akafariki tarehe 17 Februari 1936. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake juu ya baba yule aliyewaacha. Anamsimulia kwa kicheko, kituko baada ya kituko, kama mtoto aliyekuwa bado akingoja mlangoni.