Maisha ya Marehemu Kleist Sykes

Ndugu yetu mmoja akaaye Lwakhakha, mpakani mwa Kenya na Uganda, ametuletea barua. Asema ya kwamba huko kwao, na kote Bungoma na Kitale, walikuwako wazee waliokwenda vitani wakarudi, wakalea watoto wao, wakawafaa majirani zao. Na sasa wamekwisha, mmoja baada ya mmoja, wala hapana aliyeandika hata ukurasa mmoja juu yao. Atutaka tueleze habari za mtu wa namna hiyo. Tumemchagua mtu wa mbali na kwao, wa Dar es Salaam, kwa sababu huyu aliandika mwenyewe habari za maisha yake kabla ya kufa, nasi hatupendi kusimulia maisha ya mtu kwa kubahatisha.

Marehemu Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Msomaji wa pwani akilisikia jina la Pangani na mwaka huo hukumbuka jambo jingine. Miaka mitano nyuma, mwezi wa Desemba 1889, Wadachi walimnyonga Abushiri bin Salim papo hapo Pangani, baada ya kuvunja vita alivyopigana nao yeye na watu wa mrima. Jeshi lililovunja vita vile lilikuwa la Hermann von Wissmann, na askari wake wengi hawakuwa watu wa nchi. Wengine walikuwa Wasudani, na wengine Wazulu waliochukuliwa Msumbiji. Katika hao Wazulu alikuwamo mtu aitwaye Sykes Mbuwane, naye ndiye baba yake Kleist.

Hatuoni haja ya kulificha jambo hili wala kulipamba. Baba alikuja kwa bunduki ya kukodiwa, akapigana na watu ambao mwanawe atakuja kuswali nao safu moja. Mtoto hana dhambi ya mzazi wake, na hilo kila mtu alijua kwa ulimi. Lakini katika miji yetu watu hulisahau upesi panapokuja habari za kuoana au za kuchagua viongozi. Basi yatazameni maisha ya mtu huyu.

Baba hakukaa sana. Alizama mtoni wakati wa kurudi katika vita vya Uhehe, akamwacha Kleist yatima. Akachukuliwa na mwenziwe baba yake, askari wa Kizulu kama yeye, Effendi Plantan, akamlea pamoja na wanawe. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa na majina ya Kidachi na ya Kiislamu yaliyochanganyika, hata mgeni akisikia jina la Schneider Abdillah Plantan hustaajabu. Ndugu yao Ramadhani Mashado Plantan ndiye aliyekuja kuwa mwenye gazeti la Zuhra. Kwa hiyo yatima yule alikulia katika nyumba iliyokuwa na nidhamu ya kiaskari, na ndani yake mkatoka watu wa kalamu.

Kleist naye akasoma, akajua Kidachi na kazi za uandishi. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914 alikuwa katika jeshi la Lettow-Vorbeck. Vita vile viliwala watu wa nchi hizi kuliko walivyowala Wazungu wenyewe, na zaidi viliwala wapagazi, ambao walikufa kwa njaa na maradhi wakiwa na mizigo vichwani. Jina la Kariakoo, ambalo leo ni la soko na maduka, limetokana na jeshi la wapagazi hao wa upande wa Waingereza. Wako watakaouliza Mwislamu alikuwa na haja gani katika ugomvi wa Wadachi na Waingereza. Sisi twasema hakuwa na haja yoyote, na wengi hawakuulizwa.

Katikati ya mji wa Dar es Salaam palikuwa na sanamu ya Wissmann, na chini yake sanamu ya askari mweusi. Waingereza walipoutwaa mji waliiondoa, ikaishia Hamburg, na mwaka 1927 wakaweka mahali pake sanamu ya askari mwenye bunduki, ambayo ingalipo mpaka leo. Huyo askari hana jina. Apitaye hapo hawezi kujua kama alikuwa na mke, au kama alirudi akawakuta wanawe. Kleist alirudi, akaajiriwa karani katika shirika la reli la Waingereza, wale wale aliopigana nao.

Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dakta James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, pamoja na tume iliyokuja kutazama habari za elimu. Kleist alionana naye, na mgeni yule akamshauri kuwakusanya Waafrika katika chama chao wenyewe. Ushauri wa namna hii watu wengi huupokea kwa furaha, na kesho yake wakausahau. Yeye alikaa nao miaka mitano. Mwaka 1929 ikaundwa African Association. Rais wake akawa Mwalimu Cecil Matola, ambaye alikuwa Mkristo, na Kleist akawa katibu. Katika wenziwe alikuwako Mzee bin Sudi na wengine, makarani na watu wa mji, wasio na mali nyingi. Wakajenga nyumba ya chama katika mtaa wa New Street, uitwao sasa Lumumba, kwa kujitolea wenyewe.

Hapa twataka kusimama kidogo katika neno hili la katibu. Katika vyama vyetu kila mtu ataka kuwa rais, kwa kuwa rais huketi mbele. Katibu ndiye aandikaye barua usiku baada ya kazi ya mchana, na ndiye aulizwaye fedha zimekwenda wapi. Tumeona vyama vya Waislamu, na vingine tulikuwamo sisi wenyewe, vikifa mwaka wa pili kwa sababu daftari halikuonekana. Kleist alikuwa mtu wa daftari. Hiyo ilikuwa kazi yake katika reli mchana, akaja nayo kwa watu wake jioni bila ya mshahara.

Mwaka 1933 yeye na Mzee bin Sudi na wenziwao wakaanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Shida iliyowahimiza wasomaji waijua. Shule zilizokuwa na masomo ya dunia nyingi zilikuwa za misheni, na Mwislamu aliyemwogopea mwanawe alimweka chuoni peke yake, akatoka amehitimu Kurani, wala hana njia ya kupata kazi ya ukarani au ya ualimu. Jumuiya ikajenga shule ambayo mtoto alisoma ndani yake dini yake na masomo ya serikali pamoja. Wakati huo huo kule Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akiandika mambo haya haya katika Al-Islah. Mmoja alikuwa mwanachuoni na mmoja karani, na kila mmoja alianza kwa alichokuwa nacho.

Baadaye aliacha kazi ya reli akafanya biashara. Nyumbani alikuwa na wana watatu wanaojulikana, Abdulwahid, Ally na Abbas. Vita vya pili vilipokuja, Abdulwahid na Ally wakaingia King's African Rifles, wakapelekwa Burma. Hivyo vizazi vitatu vya nyumba moja, babu na baba na wana, walibeba bunduki za Wazungu. Wana wakarudi salama, wakamkuta baba yao yu hai, akafariki mwaka 1949, umri wake miaka 55 tu. Haukuwa umri mrefu.

Mwaka uliofuata Abdulwahid akawa katibu wa chama cha baba yake, rais akiwa Dakta Vedasto Kyaruzi. Na mwaka 1953 alikuwa makamu wa rais, na rais Julius Nyerere. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa katika nyumba ile ile ya New Street. Ally alipata kadi namba 2 na Abdulwahid namba 3. Abbas baadaye alikuwa balozi.

Yale maandishi aliyoyaacha Kleist yalikaa katika jamaa. Mjukuu wake, Daisy, binti Abdulwahid, aliyatumia alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaandika maisha ya babu yake, yakapigwa chapa Nairobi mwaka 1973. Ndugu yetu wa Lwakhakha, twakuomba uwaulize watoto wa wazee wale kama yako masanduku nyumbani ambayo bado hayajafunguliwa.