Saa ya Dk. Livingstone

Kusini ya mji wetu wa Bujumbura, kama kilomita 12, liko jiwe la Mugere lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wenzangu, na ninyi kaka zetu mliotutangulia, wengi mnalijua. Nitawasimulia maisha ya Dk. Livingstone pamoja na saa yake ya mfukoni.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Alipokuwa na miaka 10 aliingia kazi katika kiwanda cha pamba, akasoma usiku hata akawa daktari. Mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini. Mwaka 1852, huko Cape Town, mtaalamu wa nyota Thomas Maclear alimfundisha kupima mahali kwa kutazama jua na nyota. Kwa kazi hiyo alikuwa na saa ya Dent wa London, ambayo mshale wake wa sekunde uliweza kusimamishwa. Tofauti ya dakika 4 ni digrii 1 ya longitudo. Kwa hiyo karibu na ikweta, saa ikikosa dakika 1 tu, ramani hukosa kama kilomita 28.

Saa kama hizo hazitaki kutikiswa. Januari 1867 mchukuzi wake aliteleza akaanguka mara mbili, na hesabu za longitudo zikapotoka. Tena hutaka ufunguo kila siku. Hata leo, anunuaye saa ya kale na atazame kwanza kama ufunguo wake upo na unaingia sawasawa. Autie polepole, wakati ule ule kila siku, wala asiulazimishe. Mafuta yakikauka, ampe fundi.

Tarehe 30 Aprili 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, Livingstone alikuwa mgonjwa sana. Alimwomba Susi amletee saa, akamwonyesha namna ya kuishika kiganjani, naye akazungusha ufunguo taratibu. Usiku ule akafa. Jacob Wainwright aliandika orodha ya vitu vyake, na saa moja imo. Susi, Chuma, Wainwright na wenzao waliichukua maiti kwa miguu hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ikazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili.

Jiwe la Mugere lina majina mawili tu. Basi tukipita pale tumkumbuke na Susi, ambaye bila mkono wake saa ile isingalitiwa ufunguo siku ya mwisho.