Andreas Grüntzig, daktari aliyetengeneza puto la moyo jikoni kwake

Mama yangu alipotoka hospitali baada ya mshipa wake wa moyo kuzibuliwa kwa puto, majirani waliokuja kumjulia hali walimkataza kucheka kwa nguvu. Walidhani puto limebaki kifuani na huenda likapasuka. Bibi mmoja wa mtaani akataka kujua kama mama akipanda ndege kwenda Umra halitavimba huko juu. Alhamdulillah, mama ni mzima na bado anawacheka. Lakini nami niligundua kwamba hatujui lolote kuhusu mtu aliyetuachia kitu hiki, na leo naomba nafasi nimsimulie.

Aliitwa Andreas Grüntzig. Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1939, na Vita Vikuu vya Pili vikamnyang'anya baba. Alikulia upande wa mashariki uliotawaliwa na Wakomunisti, akatorokea magharibi akiwa kijana, akasomea udaktari Heidelberg na kumaliza mwaka 1964. Miaka mitano baadaye alihamia Zürich, Uswisi, na huko ndiko jina lake lilikopatikana.

Mwaka ule ule wa 1964, daktari wa Marekani, Charles Dotter, alikuwa amefungua mshipa ulioziba mguuni mwa bibi wa miaka 82 bila kumpasua. Alipitisha ndani ya mshipa vijiti vyembamba, kila kimoja kinene kuliko kilichotangulia. Ilifaa kwa mguu, lakini huwezi kusukuma kijiti kinene kwenye mshipa wa moyo. Grüntzig aliiona kasoro hiyo mapema. Alitaka kitu kinachoingia kikiwa chembamba, kinenepe kikifika, kisha kinywee tena kitoke. Kwa maneno mengine, alitaka puto la kukunjwa.

Ukilisema hivyo linasikika jepesi. Chukua puto la watoto la sikukuu ya Idi, libane katikati kwa vidole viwili, kisha lipulize. Litavimba mbele na nyuma ya vidole, na pale ulipobana litabaki jembamba. Mpira huenda upande ulio laini. Ndani ya mshipa, puto kama hilo lingetanua sehemu nzima hadi kuichana, na kuacha uchafu uliogandamana pale pale. Grüntzig alihitaji puto linalofika unene fulani na kukataa kuzidi hapo hata likisukumwa kwa nguvu.

Mchana alitibu wagonjwa. Usiku alikaa jikoni kwake Zürich na mkewe Michaela, msaidizi wake Maria Schlumpf na mume wa Maria, Walter. Meza ya chakula ikageuka karakana ya nyembe, gundi, uzi na vijibomba vya plastiki. Walijaribu kulizungushia puto la mpira wavu wa hariri ili lisizidi kipimo, lakini likawa nene mno. Ndipo Grüntzig akamwendea Heinrich Hopff, profesa mstaafu wa kemia, naye akamwelekeza kwenye plastiki ya PVC, jamaa ya ile ya mabomba yetu ya maji.

Hapa naomba niseme kama mtu mwenye diploma ya uhandisi wa mitambo, niliyefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha chupa za maji. Chupa huanza kama kijibomba kifupi kinene. Hupashwa moto hadi kilainike, huingizwa ndani ya kalibu, kisha hewa hukipuliza hadi kijae umbo la kalibu na hapo hakizidi. Grüntzig alifanya jambo la namna hiyo hiyo kwa mkono, kwa kijibomba chembamba sana. Alipasha sehemu ndogo moto, akaipuliza, akapata umbo la soseji. Kisha ikabidi liunganishwe kwenye katheta, yaani mrija mwembamba wa kupitia ndani ya mshipa, wenye njia mbili: moja ya kulijaza puto na nyingine ya kupima msukumo wa damu. Puto hujazwa maji maji yanayoonekana kwenye eksirei. Hewa haitumiki, kwa sababu likipasuka hewa ingeingia kwenye damu.

Kazi iliyobaki ni kukunja. Puto tupu huzungushwa kwenye mrija kama mwavuli uliofungwa, na baada ya kazi lazima linywee vizuri ili litoke bila kukwaruza. Leo viwanda hutumia nailoni na plastiki nyingine imara, na mashine hulikunja kwa mabawa kadhaa na kulibana kwa joto ili likumbuke mikunjo yake. Chupa yenye upande mwembamba ikipasuka, sisi tulipangusa sakafu. Puto likiwa na kasoro hiyo, ni roho ya mtu.

Alianza na mguu, Februari 1974. Mwaka 1976 alipeleka Marekani matokeo ya majaribio yake kwenye mioyo ya mbwa, na wengi waliopita hawakuamini. Tarehe 16 Septemba 1977, Zürich, alilipitisha puto hadi kwenye mshipa wa moyo wa mwanamume ambaye hakuwa amefika miaka 40. Mgonjwa alikuwa macho, na madaktari wa upasuaji walisubiri tayari iwapo mambo yangeharibika. Puto lilijazwa mara mbili. Mshipa ulifunguka, maumivu yakaondoka.

Baada ya hapo angeweza kuficha siri yake na kujikusanyia sifa. Badala yake aliwaita madaktari wa nchi nyingine waje kutazama, akawatibu wagonjwa mbele ya kamera wakiona kila hatua, pamoja na zile zilizoshindikana. Aliandika matokeo yake yote, mazuri na mabaya. Zürich nafasi ya kutibu ilikuwa finyu, hivyo mwaka 1980 akahamia Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta.

Tarehe 27 Oktoba 1985 alirusha mwenyewe ndege yake ndogo kurudi Atlanta, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ilianguka jimboni Georgia, akafa pamoja na mke wake wa pili. Alikuwa na miaka 46. Mtu aliyejali hatari ya kila mgonjwa kiasi kile, siku ile hakuijali yake. Miaka miwili baadaye mgonjwa wake wa kwanza alipimwa tena, na mshipa ule ulikuwa bado wazi.

Kwa nini nawasimulia watu wa Pwani habari hii? Kwa sababu daktari huyu alikuwa na elimu ya juu, lakini hakuona haya kushika wembe na gundi, wala kumuuliza mzee mstaafu, wala kukaa meza moja na mtu asiye daktari. Kwetu, fundi wa vifaa vya hospitali hukumbukwa mashine ikizima. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi humaliza mafunzo bila kuingia wodini hata siku moja kuona kifaa kipi kinakwaza wauguzi. Serikali zetu za kaunti zingeweza kuwakutanisha wawili hawa bila gharama kubwa: siku moja kwa mwezi, meza moja, kifaa kimoja kibovu katikati.

Mama ameniuliza jina la daktari yule mara tatu, na kila mara linamponyoka. Sasa anamwita yule wa jikoni. Nadhani panatosha.