Felice Benuzzi: Mateka Aliyeukwea Mlima Kenya na Kurejea Kifungoni

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii, ingawa ilizaliwa miongoni mwa mabaharia wa pwani, yaafiki barabara maisha ya Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyetoroka kambi ya mateka wa vita mjini Nanyuki mwaka wa 1943, akatembea msituni na barafuni kwa siku 18, kisha akarejea kwa hiari yake katika kambi ile ile.

Benuzzi alizaliwa Vienna tarehe 16 Novemba 1910, akalelewa Trieste, kaskazini mwa Italia. Tangu ujanani alipenda kuogelea na kukwea milima, na katika uogeleaji aliiwakilisha nchi yake. Alihitimu sheria mjini Roma, na mnamo 1938 akaajiriwa katika utawala wa kikoloni wa Italia nchini Ethiopia. Hapana budi kulikumbuka hili: kabla ya kuwa mateka, alikuwa mtumishi wa dola iliyokuwa imewapoka wengine uhuru wao. Mwaka wa 1941 majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliishinda Italia katika Afrika Mashariki, naye akatekwa na hatimaye kuletwa Kenya.

Kambini Nanyuki, adui mkubwa wa mateka hakuwa njaa wala askari, bali wakati. Siku zilifanana kama mbegu za hindi moja, wala hapakuwa na ajuaye vita vingekoma lini. Alfajiri moja mawingu yalitanduka, na Benuzzi akauona kwa mara ya kwanza mlima ambao Wagikuyu huuita Kirinyaga. Tangu siku hiyo alipata shughuli. Kutoroka hadi nchi isiyohusika na vita hakukuwezekana, kwani umbali ulikuwa mkubwa mno. Kutoroka hadi kileleni na kurudi, hata hivyo, kulikuwa jambo jingine.

Maandalizi yalichukua miezi mingi. Pamoja na daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, alidunduliza posho kidogo kidogo. Nyundo ziligeuzwa mashoka ya barafu. Vipande vya chuma chakavu na seng'enge vikawa meno ya kufunga viatuni ili kuzuia utelezi. Katani ya vitanda ikawa kamba. Ramani hawakuwa nayo. Mwongozo wao mmojawapo ulikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Alama ya ufunguo wa lango la bustani ilichukuliwa kwenye donge la lami, na nakala ikaundwa.

Walitoroka tarehe 24 Januari 1943. Leo mkimbiaji wa mbio ndefu za milimani hupata njia iliyowekwa alama, vituo vya maji na waokoaji. Watatu hawa walijitosa katika msitu wa tembo, vifaru na chui bila silaha ya maana, wakilifuata bonde la mto, migongo imeinama kwa mizigo. Barsotti aliugua, ikambidi abaki kwenye kambi ya chini ya vilele. Benuzzi na Balletto walijaribu kukwea Batian, kilele cha meta 5,199, lakini tufani ya theluji na mwamba mgumu viliwarudisha nyuma. Tarehe 6 Februari, wakiwa wamedhoofika kwa njaa, walifika Lenana, meta 4,985, wakasimika bendera ya Italia na kuacha chupa yenye majina yao.

Safari ya kurudi ndiyo iliyowapima zaidi, kwa maana chakula kilikuwa kimekwisha. Tarehe 10 Februari walijipenyeza tena kambini, kisha wakajisalimisha. Waliadhibiwa kifungo cha upweke cha siku 28, lakini mkuu wa kambi, akiustahi ushujaa wao, akaipunguza adhabu hiyo hadi siku 7.

Benuzzi alirejea Italia mwaka wa 1946. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa kwa Kiitaliano mwaka wa 1947, na kwa Kiingereza mwaka wa 1952. Baadaye alikuwa mwanadiplomasia, akafariki Roma mwaka wa 1988. Si wenzake wote waliojaliwa kurudi nyumbani: Waitaliano wengi waliofia vitani na utekani wamezikwa katika kanisa la kumbukumbu mjini Nyeri, akiwemo Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyefariki akiwa mateka mwaka wa 1942.

Msomaji asisahau upande wa pili wa kisa hiki. Mwaka ule ule wa 1952 kitabu kilipotoka kwa Kiingereza, hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya, na misitu ile ile ikawahifadhi wapiganaji wa Mau Mau. Wao hawakuwa na mkuu wa kambi wa kuwapunguzia adhabu. Aliyekamatwa na bunduki aliweza kunyongwa. Kisha, Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya huru juu ya mlima ule ule. Benuzzi alikwea ili ajisikie mtu huru kwa siku chache, ilhali wenye mlima waliungoja uhuru wao kwa miaka 20 zaidi. Ushujaa wake haupunguzwi na ukweli huu, ila hauwezi kupimwa bila huo.