Waziri wa Keki ya Karoti

Wasomaji wangu, kwetu pwani haambiwi hana kitu mwanamke mwenye mchele na nazi. Ngano ikiadimika, humimina mkate wa sinia, mgeni akala akashukuru. Ndiyo maana niliposoma habari za keki walizopika Waingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, sikucheka. Nilitamani kumjua mtu aliyekabidhiwa ghala ya taifa zima katika dhiki ile.

Mtu huyo ni Frederick Marquis, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lord Woolton. Alizaliwa Salford tarehe 23 Agosti 1883, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi. Baada ya kusoma Chuo Kikuu cha Manchester, alikwenda kukaa karibu na gati za Liverpool awahudumie mafukara. Huko alipambana na jambo lililomkaa moyoni umri wake wote: jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikufa kwa njaa, naye hakuwa na habari.

Baadaye aliingia biashara katika maduka makubwa ya Lewis's, akapanda hata akawa mwenyekiti mwaka 1936. Aprili 1940 aliteuliwa Waziri wa Chakula. Rasheni ilikuwa imekwisha kuanza tangu Januari mwaka huo, kwani Uingereza ilitegemea chakula kingi kutoka ng'ambo, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli. Nabii Yusuf alipewa miaka saba ya neema aweke akiba. Woolton alikuta njaa iko mlangoni.

Sukari ya mtu mmoja kwa wiki ilikuwa kama gramu 225, siagi mara nyingine gramu 55 tu, na yai moja likipatikana. Wizara yake ikachapisha vikaratasi vya mapishi, na redioni kila asubuhi kina mama wakafunzwa kupika kwa kilichopo. Karoti zilikunwa zikatiwa ndani ya keki ili zilete utamu. Viazi vilivyopondwa viliongeza unga. Pasipo mayai, siki ilichanganywa na magadi ya kupikia, keki ikaumuka. Tangu 1942 yakaja mayai ya unga kutoka Marekani. Badala ya lozi ukatumika unga wa soya wenye arki ya lozi. Wako hata waliokandia parafini ya dawa, ile ya kulainisha tumbo!

Agosti 1940 ilipigwa marufuku kupamba keki kwa sukari. Bibi arusi akawa na kijikeki kidogo, juu yake kifuniko cha karatasi ngumu kilichopambwa kikavutia macho. Picha zikisha kupigwa, kifuniko huondolewa.

Si kwamba watu walifurahia yote. Pai ya mboga iliyoitwa kwa jina lake, aliyoitunga mpishi wa hoteli ya Savoy, ilifanyiwa mzaha mwingi, na mkate wa taifa wa rangi ya kijivu ulichukiwa. Magendo nayo hayakukosekana. Lakini waziri huyu alishika jambo moja: mgao wa tajiri na wa maskini uwe sawa, na mtoto atangulie. Tangu 1940 watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito walipata maziwa kila siku kwa bei nafuu, na asiyejiweza alipewa bure. Vita vilipokwisha, vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua kuliko kabla ya vita.

Woolton aliiacha wizara hiyo Novemba 1943, akafariki tarehe 14 Desemba 1964. Rasheni yenyewe haikwisha mpaka Julai 1954.

Mimi naona siri yake haikuwa karoti. Mfanyabiashara angeweza kuhesabu magunia tu. Yeye alimhesabu yule jirani wa Liverpool. Na sisi, tuliofunzwa tangu chuoni kwamba si uungwana wa imani kulala umeshiba na jirani ana njaa, tunapanga keki za arusi ghorofa juu ya ghorofa, na nusu yake huishia jaani. Je, ukuta wa pili kuna nani, naye amekula nini leo?