Ismet Pasha: Aliyeiweka Uturuki Nje ya Vita



Mwaka jana tulikuwa tukifundisha tarekh ya Dola ya Uthmaniya katika darasa la juu. Tulipofika mwaka 1924, mwaka ulipofutwa ukhalifa, mwanafunzi mmoja alituuliza Waturuki walikwenda wapi baada ya hapo, na waliishije na mataifa yaliyokuwa yamekwisha kuigawa nchi yao. Wakati wa swala ya Alasiri ulikuwa umeingia, tukamjibu kwa maneno mawili matatu tu. Jibu refu ndilo hili, nalo tumeona tulipitishe katika maisha ya mtu mmoja.

Jina la Mustafa Kemal Atatürk wengi wenu mmelisikia. Aliyekuwa mkono wake wa kulia, kisha akakalia kiti chake, hajulikani sana kwetu. Huyo ni İsmet İnönü. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba si kipenzi cha Waislamu wengi, na sababu zipo, tutazitaja bila kuficha. Lakini anayetaka kujua uhusiano wa Uturuki na dunia katika karne ya 20 hawezi kumruka.

İsmet alizaliwa katika mji wa Izmir tarehe 24 Septemba 1884. Baba yake, Hacı Reşit, alikuwa mtumishi wa mahakama, na kazi ikamhamishia Sivas ambako mtoto alisoma. Kutoka hapo aliingia shule za kijeshi, akamaliza masomo ya mizinga mwaka 1903 na yale ya maofisa wakuu mwaka 1906.

Mwaka 1910 alipelekwa Yemen, nchi ambayo familia nyingi za pwani yetu zina ndugu huko. Imam Yahya alikuwa akipigana na Dola ya Uthmaniya, na milima ya Yemen ilikuwa imekwisha kuwameza askari wengi wa Kituruki. Mwaka 1911 pande mbili zilipatana Da'an: Imam akaachiwa mambo ya sheria na hukumu kwa watu wa madhehebu yake ya Zaydiya, na Sultani akabaki na utawala. İsmet, kijana wa miaka 27, alikuwamo katika mazungumzo hayo. Sisi tunadhani hapo ndipo alipojifunza kwamba karatasi huweza kumaliza kilichoishinda mizinga.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana Kaukazi na Palestina. Dola ikashindwa. Tarehe 10 Agosti 1920 wajumbe wa Sultani walitia sahihi mkataba wa Sèvres, uliowapa Wagiriki utawala wa Izmir, ukaweka milango ya bahari ya Istanbul chini ya tume ya mataifa, na kukata maeneo mengine ya nchi. Mji aliozaliwa İsmet ulikuwa unatoka mikononi. Mwaka huohuo alikwenda Ankara kujiunga na waliokataa. Mwezi Januari 1921, na tena mwishoni mwa Machi, alilizuia jeshi la Ugiriki karibu na mji mdogo uitwao İnönü. Sheria ya majina ya ukoo ilipotoka mwaka 1934, alipewa jina la mahali hapo.

Wagiriki waliposhindwa kabisa mwaka 1922, yeye ndiye aliyeongoza mazungumzo ya kusimamisha vita huko Mudanya, mwezi Oktoba. Siku chache baadaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwezi Novemba akaketi Lausanne, Uswisi, mbele ya Uingereza, Ufaransa, Italia na wengineo. Askari asiyekuwa na uzoefu wa meza za kibalozi alikabiliana na Lord Curzon, aliyewahi kutawala India yote kwa niaba ya mfalme wake.

Kwanza, İsmet hakukubali kuketi kama mshindwa. Siku ya ufunguzi, Curzon alipohutubia baada ya mwenyeji wa Uswisi, naye alisimama akahutubia. Pili, masikio yake yalikuwa mazito, na uzito huo ukawa silaha. Curzon alikuwa mwenye ufasaha na hotuba ndefu. İsmet husikiliza, au huonekana kama hakusikia, kisha hurudia dai lilelile la asubuhi kana kwamba hakuna kilichosemwa. Hali ilikuwa ngumu zaidi kuliko alivyojua, maana Waingereza walikuwa wakizinasa na kuzisoma simu za maandishi kati yake na Ankara. Pamoja na hayo hakusogea. Tarehe 4 Februari 1923 mkutano ulivunjika, Curzon akapanda treni akaenda zake. Mwezi Aprili wakarudi mezani, na tarehe 24 Julai 1923 mkataba mpya ukatiwa sahihi. Sèvres ukafa.

Jambo alilolipigania kuliko mengi lilikuwa kufuta haki za pekee za wageni. Masultani wa zamani, wakiwa na nguvu, waliwapa wafanyabiashara wa Ulaya ruhusa ya kuhukumiwa na mabalozi wao wenyewe. Dola ilipodhoofika, hisani ikageuka minyororo. Wazee wa Zanzibar walilijua jambo hili, kwani mikataba ya Sayyid Said na Marekani ya mwaka 1833 na ile ya Uingereza ya mwaka 1839 iliwapa mabalozi mamlaka ya kuamua kesi za raia wao. Lausanne iliyaondoa hayo Uturuki.

Hakurudi na kila kitu. Mosul ilibaki katika mabishano, na mwaka 1926 ikathibitishwa kuwa ya Iraki iliyokuwa chini ya Waingereza. Tena palikuwa na sharti la kubadilishana watu: zaidi ya Wakristo milioni moja wa Uturuki walihesabiwa kuwa Wagiriki, na Waislamu wapatao 350,000 au zaidi wakatolewa Ugiriki kupelekwa Uturuki. Wengi hawakujua hata lugha ya nchi waliyopelekwa. Waliosaini walipumzika, waliohama ndio waliolipa.

Sasa tufike mahali panapotuuma. Mwezi Oktoba 1923 İsmet akawa Waziri Mkuu. Baada ya muda mfupi aliandikiwa barua kutoka London na viongozi wawili wenye asili ya India: Aga Khan wa Tatu, ambaye wafuasi wake ni wengi hapa Afrika Mashariki, na mwanasheria Ameer Ali. Walimwomba ukhalifa uhifadhiwe na upewe heshima yake kwa ajili ya Waislamu wa dunia. Magazeti ya Istanbul yaliichapisha barua hiyo mwezi Desemba kabla haijamfikia mwenyewe. Badala ya kuukinga ukhalifa, ikauharakisha kuanguka. Serikali ilisema wageni walio chini ya bendera ya Uingereza wanaiingilia nchi, na wengine wakashangaa kwamba wanaomtetea khalifa wa Kisunni ni Mashia. Tarehe 3 Machi 1924 bunge likaufuta, na Abdulmecid wa Pili akatolewa nchini.

Mtazamo wetu ni huu. Hofu ya İsmet haikuwa ya kubuni, kwa kuwa nchi ilikuwa imetoka katika vita vya miaka kumi na haikutaka kubebeshwa mzigo wa kuwatetea Waislamu walio chini ya wakoloni. Lakini barua ya kuomba si jeshi, na waliomwandikia hawakuwa maadui. Aliihukumu kwa anwani iliyotoka, hakuihukumu kwa lililokuwamo. Wallahu a'lam.

Atatürk alifariki tarehe 10 Novemba 1938, na siku ya pili yake İsmet akachaguliwa kuwa Rais. Mwaka uliofuata Ulaya ikawaka moto.

Uturuki ilikuwa na mkataba na Uingereza na Ufaransa wa Oktoba 1939, uliotazamia kwamba ingeingia vitani kama vita vingefika Bahari ya Kati. Vilifika mwaka 1940, naye hakuingia, akitaja kipengele kilichomruhusu kutopigana na Warusi. Tarehe 18 Juni 1941 akafunga mkataba wa urafiki na Wajerumani waliokuwa wamefika mpakani mwake, na siku nne baadaye Hitler akaivamia Urusi. Mwezi Januari 1943 Churchill alimfuata mpaka karibu na Adana, wakazungumza ndani ya behewa la treni. Mwezi Desemba mwaka huo aliitwa Kairo mbele ya Churchill na Roosevelt pamoja. Hakusema hapana. Alisema atakuwa tayari akipewa ndege na silaha za kutosha, na kila zilipohesabiwa hazikutosha. Masikio nayo yaliendelea kuwa mazito pale ilipofaa.

Kwa upande mwingine aliwauzia Wajerumani madini ya kromu mpaka Aprili 1944, na alitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 23 Februari 1945, wakati mshindi anajulikana, ili nchi yake ipate nafasi katika Umoja wa Mataifa. Wako waliomwita kigeugeu. Miji yake lakini haikubomolewa.

Raia walibeba gharama. Mkate ulitolewa kwa vipimo. Mwaka 1942 ilipitishwa kodi ya mali iliyowaelemea vibaya Wakristo na Mayahudi kuliko Waislamu, na walioshindwa kulipa wakapelekwa kwenye kambi za kazi huko Aşkale. Hiyo ni dhuluma, na haihalalishwi na dini ya aliyedhulumiwa. Waturuki husimulia kwamba kijana mmoja alimlalamikia kuwa aliwaacha na njaa, naye akamjibu kuwa ni kweli, ila hakuwaacha bila baba.

Vita vilipokwisha, Urusi ya Stalin ilidai ardhi ya Kars na Ardahan pamoja na kambi katika milango ya bahari. İnönü akageukia Marekani, ambayo mwaka 1947 ilitangaza msaada kwa Uturuki na Ugiriki. Kuegemea huko kulikuwa na bei. Mwezi Novemba 1947 Uturuki ilipiga kura Umoja wa Mataifa kupinga kugawanywa kwa Palestina. Mwezi Machi 1949 ikaitambua Israeli, ikiwa ya kwanza miongoni mwa nchi zenye Waislamu wengi. Ndani ya miezi 16 tu.

Nyumbani, adhana iliendelea kutolewa kwa Kituruki, na sheria ya mwaka 1941 ikamtia adabu aliyeadhini kwa Kiarabu. Katika miaka yake ya mwisho madarakani alilegeza kidogo, akaruhusu mafunzo ya maimamu na kitivo cha dini Ankara mwaka 1949. Watu hawakusahau. Uchaguzi wa tarehe 14 Mei 1950 alishindwa, akakabidhi madaraka bila kumwaga damu, na mwezi uliofuata adhana ya Kiarabu ikasikika tena. Miongoni mwa viongozi wa waliomshinda alikuwa Adnan Menderes. Wanajeshi walipompindua Menderes na kumhukumu kunyongwa mwaka 1961, İnönü, mpinzani wake mkubwa, aliwaandikia wasimuue. Hawakumsikiliza.

Alirudi kuwa Waziri Mkuu akiwa na miaka 77. Mwezi Desemba 1963 Waturuki wa kisiwa cha Cyprus walianza kuuawa katika mapigano na Wagiriki wenzao wa kisiwani, na mwezi Juni 1964 alikuwa tayari kuvusha jeshi. Tarehe 5 Juni Rais Johnson wa Marekani akamwandikia barua kali: silaha za msaada zisitumike huko, na Warusi wakiingilia, washirika huenda wasiisaidie Uturuki. Mzee akasimamisha safari, akaenda Washington kuzungumza. Ndege zake zilipiga kisiwani mwezi Agosti, lakini jeshi halikuvuka.

Mwaka 1972 chama chake kilimwondoa katika uongozi na kumchagua Bülent Ecevit. İsmet İnönü alifariki Ankara tarehe 25 Desemba 1973, akiwa na miaka 89, akazikwa Anıtkabir, akielekeana na kaburi la Atatürk. Haikupita miezi saba, tarehe 20 Julai 1974, Ecevit akalivusha jeshi kwenda Cyprus. Kisiwa hicho kimegawanyika mpaka leo.